Leseni Si Fatwa: Kwa Nini Serikali Zinakhitalifiana Juu ya Sarafu za Mtandao

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Kwa miaka kadhaa sasa, katika misikiti ya huku kwetu Choma na hata Tabora mjini, limekuwa likiulizwa swali moja kwa sura mbili. Wapo wanaosema: "Sheikh, Benki Kuu imekataza bitcoin, basi si ndiyo kusema ni haramu?" Na wapo wanaosema: "Sheikh, Dubai ni nchi ya Waislamu na imetoa leseni, basi si ndiyo kusema ni halali?" Waulizaji hawa wanaonekana kupingana, lakini ukiwatazama vyema utaona wamesimama juu ya msingi mmoja. Kila mmoja wao amechukua uamuzi wa serikali akaufanya dalili ya kisheria. Tofauti yao ni ya serikali waliyoichagua tu.

Makala hii inakusudia kuukosoa msingi huo, kwani umekwisha kuingia katika khutba zetu, na hata katika baadhi ya fatwa za taasisi kubwa upo kwa kiasi fulani. Hata hivyo si uadilifu kuanza na makosa ya wengine. Tutaanza na la kwetu.

JIBU TULILOLITOA KWA HARAKA

Tarehe 13 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akizindua jengo la Benki Kuu ya Tanzania jijini Mwanza, aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu za mtandao, isije ikakutwa haiko tayari. Kabla ya hapo, tarehe 12 Novemba 2019, Benki hiyo hiyo ilikuwa imetoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kwamba sarafu hizo haziruhusiwi, na kwamba fedha halali ya nchi ni shilingi peke yake.

Siku chache baada ya hotuba ile ya Mwanza, katika darsa baada ya Maghrib hapa Choma, mtu mmoja alituuliza kama anaweza kuingiza fedha katika "hizi sarafu za kwenye simu". Tulimjibu kuwa maadamu serikali imeanza kulegeza, hatuoni ubaya. Jibu letu halikuchukua dakika mbili. Hatukumuuliza anataka kununua nini, kutoka kwa nani, wala kwa mali ya nani.

Mtu yule alikuwa wasii wa watoto watatu wa marehemu kaka yake. Aliuza ng'ombe saba wa mayatima wale, na fedha akampa wakala mmoja aliyekuwa akikusanya watu katika kundi la simu kwa ahadi ya faida kila wiki. Wiki tano faida ilikuja. Wiki ya sita wakala hakupatikana, na kundi lilikuwa limefutwa. Hata hiyo bitcoin yenyewe hakuwahi kuimiliki. Alipotujia hakutulaumu. Alisema tu: "Maalim, nilikuuliza kabla."

Wasii akizembea katika mali ya yatima, dhamana iko juu yake, na hilo tulimweleza. Hadi tunapoandika haya amekwisha kurejesha ng'ombe wawili. Nasi tumejitwisha sehemu ya deni lile, ingawa hakuna kadhi aliyetuhukumu. Tumelitaja jambo hili ili ndugu zetu maimamu wajue kuwa tunayoyakosoa hapa tumeyaonja wenyewe.

SHANGA ZA NJIA YA MISAFARA

Anayetaka kuelewa kwa nini serikali zinakhitalifiana hana haja ya kuanza na kompyuta. Aanze na njia iliyopita katika nchi yetu hii hii, ile ya kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo, kufika Unyanyembe ambako ndiko Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji.

Katika karne ya 19 msafara haukubeba mfuko wa sarafu moja. Ulibeba nguo za merikani na kaniki, nyaya za shaba, na shanga za namna nyingi. Mgeni aliyedhani kuwa shanga ni shanga alipata hasara. Shanga nyekundu za samisami zilipendwa Unyamwezi. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, lakini ukivuka nazo mpaka huna kitu mkononi. Ujiji kulikuwa na shanga zake, zinazoitwa sofi, ambazo ndizo zilizonunulia samaki na chumvi sokoni. Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, aliandika kwa urefu juu ya taabu ya kukadiria ni shanga gani na kiasi gani zichukuliwe kwa kila nchi, kwani ukikosea unabaki na mzigo usiolishwa na mtu.

Juu ya hayo kulikuwa na hongo. Kila mtemi aliyekuwa na maji au njia alidai chake kabla msafara haujapita, na alidai kwa kitu anachokitaka yeye. Mwaka huo huo wa 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya Ujiji, na sababu kubwa ilikuwa ni nani mwenye mamlaka juu ya njia na biashara yake.

Sasa tuulize: Je, mtemi aliyekataa shanga nyeusi alikuwa akitoa hukumu juu ya shanga kama ni njema au mbaya? La. Alikuwa akilinda soko lake na hongo yake. Shanga ilikuwa ile ile pande zote za mpaka. Kilichobadilika ni maslahi ya mwenye nchi.

Walipokuja Wazungu, jambo hili lilipata nguvu ya sheria. Wajerumani walileta rupia yao, kisha kuanzia mwaka 1898 wakatoza kodi ya nyumba, ambayo baadae ikadaiwa kwa fedha taslimu peke yake. Mwananchi aliyekuwa hana haja na rupia alilazimika kuitafuta, kwani hakuna kitu kingine kilichomtoa mikononi mwa mtoza kodi. Kule Uganda, Waingereza waliacha kupokea kauri katika kodi mwaka 1901, na kauri ikafa kama fedha, ingawa hadi leo Waganda huita fedha "ensimbi", yaani kauri.

Na Tabora yenyewe ilikuwa na nyumba ya kupigia sarafu. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa na kukatiwa njia ya bahari, walipiga katika karakana ya reli ya Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke. Wakapiga na heller za shaba, na wakati huo huo wakawa wanatoa noti za dharura za karatasi. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini. Dhahabu ile hadi leo ni dahabu. Karatasi zile leo ni kumbukumbu za wakusanyaji wa vitu vya kale. Serikali ni moja, mji ni mmoja, na mwaka ni mmoja.

WATAWALA WA KIISLAMU NA SARAFU

Asije mtu akadhani kuwa hayo ni ya makafiri na watemi tu. Al-Baladhuri ametaja kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwahi kufikiria kufanya dirham za ngozi ya ngamia, akaambiwa kuwa ngamia watamalizika, naye akaacha. Kisa hiki kina faida mbili. Ya kwanza, kwamba kitu chaweza kufanywa fedha kwa kukubaliana watu na mtawala, hata kama si dhahabu wala fedha. Ya pili, kwamba kilichomzuia Umar kilikuwa maslahi ya umma, wala hakusema kuwa ngozi ni haramu.

Imamu Malik naye alilijadili suala la ngozi iliyofanywa sarafu na watu, akachukia iuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kuakhirisha. Imamu Ahmad alizuia watu kujipigia dirham nje ya nyumba ya sarafu ya mtawala, na Imamu Nawawi katika madhehebu yetu ya Shafii amelichukia hilo hata kama dirham ni safi, kwa kuwa ni kazi ya Imamu na kwa kuchelea ghushi. Maneno haya ndiyo wanayoyategemea wanaosema kuwa sarafu ya mtandao ni haramu kwa sababu haikutolewa na dola.

Tunakubali kuwa dalili hiyo ina uzito. Lakini msomaji asome na upande wa pili. Al-Maqrizi, aliyeshuhudia njaa ya Misri mwanzoni mwa karne ya 15, aliandika risala nzima kuhusu sababu za balaa lile, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni watawala wenyewe kujaza nchi fulus za shaba kwa tamaa ya faida. Hivyo basi, mamlaka ya mtawala juu ya sarafu ni amana. Ikitunzwa ni rehema, ikikhiniwa ni dhulma. Kuwa kitu kimetoka serikalini hakukifanyi kiwe salama.

KINACHOLINDWA NA KILA SERIKALI

Baada ya utangulizi huo, hebu tuzitazame serikali za leo.

Kwanza, ziko zenye sarafu yao na zinazochelea fedha za kigeni kuvuja. China ilizuia miamala yote ya sarafu hizi tarehe 24 Septemba 2021, na nchi hiyo ina sheria kali juu ya kutoa fedha nje ya mipaka yake, tena inayo yuani yake ya kidijitali inayotaka itumike. Tanzania imo katika kundi hili kwa kiasi chake. Tangazo la 2019 lilitaja sheria za fedha za kigeni. Na mwezi Machi 2025 zilitoka kanuni za kuzuia bidhaa na huduma za ndani ya nchi kuuzwa kwa fedha za kigeni. Mlinzi ni yule yule, na kinacholindwa ni shilingi.

Pili, ziko zisizokuwa na sarafu yao wenyewe. El Salvador hutumia dola ya Marekani tangu mwaka 2001, na Septemba 2021 ikaifanya bitcoin kuwa fedha halali. Jamhuri ya Afrika ya Kati, inayotumia faranga ya CFA iliyofungwa na yuro, ilifanya hivyo Aprili 2022. Hawa hawakuwa na shilingi ya kuilinda. Lakini tazama mwisho wake: Afrika ya Kati ilirudi nyuma mwaka 2023, baada ya upinzani wa benki kuu ya pamoja ya nchi jirani zake. El Salvador, ilipohitaji mkopo wa dola bilioni 1.4 wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ilibadili sheria yake Januari 2025, wafanyabiashara wasilazimike tena kuipokea.

Tatu, ziko zinazoishi kwa kuwa soko la dunia. Dubai iliunda mamlaka maalumu ya mali hizi kwa sheria ya mwaka 2022. Dirham ya Imarati imefungwa na dola tangu 1997, na nchi ina akiba kubwa ya mafuta. Haiogopi kwa urahisi fedha kutoka, kwani kazi yake ni fedha kuingia na kutoka. Jamaa zetu walioko huko wanapotuambia kuwa "huku ni ruhusa", wanatueleza habari za bandari.

Nne, ziko zinazotafuta kodi na utaratibu baada ya kuona kuwa watu hawakuacha. Benki Kuu ya Kenya ilitahadharisha Desemba 2015. Mwaka 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 juu ya mali za kidijitali, mwaka 2025 ikaondolewa na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma, na Oktoba mwaka huo huo ikasainiwa sheria kamili ya kuwapa leseni. Kwetu Tanzania, Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta zuio la kodi la asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali hizo. Uganda, kwa upande wake, mwaka 2022 Benki Kuu yake iliwazuia watoa huduma za malipo kugeuza sarafu hizo kuwa fedha za simu, na Mahakama Kuu ikaliacha zuio hilo lisimame mwaka 2023. Waganda walikuwa na kidonda kibichi: kampuni ya Dunamiscoins ilifunga milango mwishoni mwa 2019 ikiwaacha watu wengi wakilia.

Ndugu msomaji, katika makundi yote manne hakuna hata serikali moja iliyojiuliza kama muamala una riba, gharar au kamari. Zimejiuliza: nani ataimiliki njia, na nani atapokea hongo? Hilo ni swali la haki kwa serikali kuliuliza. Ila si swali la faqihi.

Mfano ulio karibu zaidi ni huu. Bia katika nchi yetu ina leseni na inalipa kodi, wala hakuna Muislamu anayesema kuwa stempu ya kodi imeihalalisha. Na kwa upande wa pili, kuanzia tarehe 15 Mei 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu. Aliyevua wakati ule alivunja amri yenye maslahi, na kutii kulimlazimu, lakini dagaa wa Ujiji hakugeuka kuwa nyamafu.

FATWA TATU NA UPUNGUFU WAKE

Sasa tuje kwa wanazuoni, nasi tunasema haya kwa heshima zote.

Dar al-Ifta ya Misri, wakati wa Mufti Shawki Allam, ilitoa fatwa ya kuharamisha bitcoin mwishoni mwa 2017. Ndani yake mna hoja za fiqhi za kweli: gharar, kutojulikana, na madhara. Lakini mna hoja nyengine, kwamba ni kumvukia mipaka mtawala katika haki yake. Hoja hii ya pili ni sahihi pale mtawala alipokataza. Je, mtawala akitoa idhini kesho? Hoja hiyo inaanguka, na asiyetenganisha hoja mbili hizi atadhani fatwa yote imeanguka.

Baraza la Maulamaa la Indonesia, Novemba 2021, lilipambanua vizuri zaidi. Lilisema kuwa kuitumia kama fedha ni haramu, na kuiuza kama bidhaa hakusihi ila ikitimiza masharti ya bidhaa kisheria, ikawa na msingi na manufaa ya wazi. Hata hivyo katika sababu za kuharamisha matumizi yake kama fedha, sheria ya nchi ya mwaka 2011 juu ya rupia imewekwa bega kwa bega na gharar na madhara. Imamu wa Choma anayeinukuu fatwa hii bila ya kuisoma anainukuu pia sheria ya Jakarta.

Malaysia, Baraza la Sharia la Tume ya Dhamana lilijuzisha mwaka 2020 biashara ya sarafu hizi katika masoko yaliyosajiliwa, kwa kuzihesabu kuwa ni 'urudh, yaani bidhaa. Hapa tunauliza: ikiwa ni bidhaa, basi hukumu za riba za kubadilishana fedha hazitaigusa. Je, hali itabaki hivyo siku watu watakapoitumia kununulia mchele? Na hilo sharti la kusajiliwa ni la fiqhi au ni la msimamizi wa soko?

Tunaiona busara zaidi katika msimamo wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa. Hiyo ndiyo iliyoamua Amman mwaka 1986 kuwa noti za karatasi ni fedha kamili yenye hukumu zote za thamani. Ilipokutana Dubai Novemba 2019, ndani ya mji wenyewe wa soko, haikukata hukumu juu ya sarafu hizi, ikataka utafiti zaidi. Kunyamaza kwa mwanachuoni baada ya kutazama ni elimu.

NINI AULIZE IMAMU

Kwa hali hiyo, anapokuja muulizaji, tunashauri aulizwe mambo manne kabla ya kujibiwa.

Kwanza: Unanunua nini hasa? Bitcoin iliyoanza 2009 yenye kikomo cha milioni 21, au jina lililobuniwa wiki iliyopita, au ahadi ya faida tu? Wengi wanaoangamia huku kwetu hawajawahi kununua sarafu yoyote. Wamenunua maneno.

Pili: Utaimiliki kwa namna gani? Ikiwa iko mikononi mwa mwengine, na huwezi kuitoa utakapo, basi qabdh haikutimia. Soko kubwa la FTX lilipoanguka Novemba 2022, waliokuwa na hesabu katika skrini walikuta hawana kitu.

Tatu: Unatafuta nini? Bitcoin ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadae ilishuka chini ya 16,000. Anayeingia kwa kukopa, au kwa kubashiri bei kwa dakika, amekaribia mlango wa maysir hata kama jina la mlango ni biashara. Na aliyekwisha kuwa nayo kwa kuifanyia biashara asisahau zaka yake.

Nne: Ni mali ya nani? Mali ya yatima, ya waqfu, ya msikiti na ya amana haiingizwi humo kabisa. Juu ya hili hatuna taraddudi.

Na baada ya manne hayo ndipo aambiwe sheria ya nchi inasemaje, kwa kuwa kumtii mwenye mamlaka katika jambo lenye maslahi na lisilo maasi ni wajibu, na kwa kuwa kumficha muulizaji hatari ya kisheria ni kumkhini. Lakini iwe ni ya tano, isiwe ya kwanza. Serikali zitaendelea kukhitalifiana na kubadilika, kama watemi wa njia ya misafara walivyokhitalifiana juu ya shanga. Sheria ya Allah haisubiri gazeti la serikali.

Yule wasii bado huja katika darsa yetu, na hukaa safu ile ile. Mwaka huu alituuliza swali jengine, kuhusu kuuza pamba kabla ya kuvunwa. Tulimuuliza maswali mengi kabla ya kumjibu, naye akatabasamu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.